Siku Nzima Nje Bila Skrini, Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu, wengi wao wakiwa na simu mkononi wanapouliza. Yasome leo, andika pembeni unachokihitaji, kisha kesho zima.

Siku bila skrini ni ipi hasa? Kitochi nacho kinahesabika?

Ni kuanzia unapoamka mpaka unapolala bila simu janja, runinga wala kompyuta, na saa nyingi za mchana ukiwa nje: ufukweni, kwenye mikoko, shambani, juu ya jabali. Ukijifungia sebuleni na simu imezimwa, hiyo ni siku ya umeme kukatika, na hizo tunazijua.

Kitochi mimi nakiruhusu kwa sharti moja: kikae ndani ya mkoba na kiwe cha kupokea tu. Ukianza kukitoa kuangalia salio au kucheza ule mchezo wa nyoka, umesharudi ulikotoka.

Nikipatwa na dharura? Au ukatokea msiba?

Hili ndilo swali la kweli. Watu wengi huku hawaogopi kuchoka kukaa bila simu. Wanaogopa kuambiwa "tulikutafuta siku nzima hatukukupata". Dawa yake ni kuaga, tena usiku wa kuamkia siku hiyo. Waambie watu wawili watatu uendako, utakaa upande gani na utarudi saa ngapi. Waachie na namba ya mtu aliye karibu na hapo: mwenye mashua, mama ntilie, bodaboda anayekupeleka. Kwenye status andika kwamba hupo hewani hadi saa moja usiku, maana usipoandika, saa tano asubuhi wataanza kuulizana.

Wazazi wanahitaji maelezo zaidi kidogo. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama. Kesho simu nitaizima mpaka jioni."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi mama, napumzika tu."

"Umegombana na mtu?"

Usikasirike. Mwambie unaenda Mikindani na nani, mtakula nini na mtarudi kwa usafiri gani. Akishajua mtakula nini, ataridhika.

Jambo jingine: andika namba muhimu kwenye karatasi. Wengi wetu hatuna namba hata moja kichwani zaidi ya ya kwetu.

Pesa zangu zote ziko kwenye simu. Nifanyeje?

Toa kwa wakala siku moja kabla, na omba akupe noti ndogo. Ukimpa mwenye mtumbwi noti ya elfu kumi asubuhi, mtaanza safari kwa kutafuta chenji kijiji kizima.

Angalia pia sehemu zinazolipiwa serikalini, kama Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi kule Msimbati na magofu ya Kilwa Kisiwani. Malipo ya namna hiyo siku hizi hupitia kontroo namba, na kontroo namba bila simu ni kazi. Maliza malipo mapema, chukua risiti ya karatasi, itie mfukoni.

Niende wapi?

Inategemea uko wapi na una nauli kiasi gani. Kwa aliye Mtwara mjini, ufukwe wa Shangani upo jirani na unatosha kabisa kwa mara ya kwanza. Ukiweza kwenda mbele kidogo, nenda Mikindani, kama kilomita 10 tu. Ghuba yake imekumbatiwa na nchi kavu karibu pande zote, hivyo maji ni matulivu hata siku ambazo nje kunavuma. Kuna mibuyu mikubwa, nyumba za mawe za zamani na boma la Wajerumani la mwaka 1895. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho kwenda bara mwaka 1866, na wageni wengi huishia kupiga picha nyumba yenye jina lake. Wewe huna kamera, kwa hiyo pita, shuka majini.

Msimbati ni mbali zaidi, kusini-mashariki mwa mji, na barabara ya mwisho ni mchanga unaonasa magari madogo. Ukifika utasamehe. Ufukwe ni mrefu na mweupe, na ukienda siku ya kazi unaweza kutembea muda mrefu usikutane na mtu zaidi ya wavuvi wanaovuta nyavu. Kati ya Julai na Novemba nyangumi hupita pwani hii, na asiye na simu ya kuinamia ana nafasi kubwa zaidi ya kuona mgongo ukitokeza na maji yakirushwa juu.

Wa Lindi mjini wana bahati ambayo wengi wao hawaitumii: kuvuka ghuba kwenda Kitunda. Unapanda chombo, unavuka pale Mto Lukuledi unapoingia baharini, na dakika chache baadaye uko kwenye minazi, mji wote umeuacha ng'ambo. Kuvuka kwenyewe ni nusu ya mapumziko.

Wasiopenda bahari wapande juu. Newala kuna Shimo la Mungu, ukingo wa nyanda za juu za Makonde ambapo ardhi inaporomoka ghafla na bonde la Ruvuma linatandaa chini yako mpaka upande wa Msumbiji. Kuna ubaridi, beba sweta. Masasi kuna majabali; panda alfajiri, kwa sababu ikifika saa tano jiwe linakuwa kikaango. Msitu wa Rondo, mkoani Lindi, ni wa mtu mwenye subira: kuna komba mdogo mwenye jina la msitu huo huo, ila hutoka usiku, na ni hifadhi, hivyo ruhusa iombwe mapema.

Kilwa Kisiwani nayo ni siku nzima yenye kushiba. Kibali huchukuliwa Kilwa Masoko, kisha unavuka. Msafiri Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, na UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Kivuli cha kuta za Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani juu ya bahari, ni mahali pazuri pa kukaa bila kusema kitu.

Tendaguru, mkoani Lindi, huulizwa mara kwa mara, kwa sababu ya mifupa ya dinosaria. Kwa siku ya mapumziko siipendekezi. Njia ni ngumu, na mifupa yenyewe Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913, wakaipeleka Berlin.

Ukitaka kukaa kwenye vijiji vya kandokando ya Ruvuma, beba kitambulisho cha NIDA na ujitambulishe kwanza ofisi ya kijiji. Ni mpakani. Na mtoni kuna mamba na viboko, hakuna mjadala wa kuogelea.

Nichague siku gani?

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Wanachagua Jumapili kwa sababu ni Jumapili, wanafika ufukweni saa nne asubuhi wamebeba watoto na maboya, wanakuta bahari imekwenda zake na kilichobaki ni matope na majani. Kisha wanasema pwani ya kwetu haifai kuogelea. Inafaa. Wamekosea mwezi, mwezi ule wa angani.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji huenda bamvua, yaani hutoka mbali sana na kurudi juu sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Kwenye pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi alasiri. Siku za maji mafu hugeuka: saa nne asubuhi maji yapo, saa kumi yametoka.

Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana ratiba tayari ukutani. Mwezi 1 hadi 3 na mwezi 15 hadi 17, hesabu bamvua. Mwezi 8 au 9, na 22 au 23, hesabu maji mafu. Kwa hiyo ukitaka kuogelea asubuhi na watoto, chagua maji mafu. Ukitaka kutembea juu ya mwamba, uone viumbe na ukutane na akina mama wanaochokoa pweza, chagua bamvua na ufike saa tatu. Kwa uhakika zaidi muulize mvuvi jana yake:

"Shikamoo babu. Kesho maji yanatoka saa ngapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Kesho saa nne na ushee. Ila ikifika saa sita uwe umeshatoka huko mwambani."

Hiyo sentensi ya pili ndiyo ya kushika. Maji yakirudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, wewe ukiwa bado unaangalia mbele.

Kuhusu msimu: mvua za kusini huanza karibu Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, na kwa wakati huo barabara za vumbi huwa na mambo yake. Kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa ni nzuri lakini kusi huvuma na bahari ya nje huchafuka, hivyo kaa kwenye ghuba. Mimi nafsi yangu napenda tangambili ya kuelekea Novemba, kati ya kusi na kaskazi, upepo umelegea na maji yametulia. Joto lipo, ila kuna maembe.

Nitajuaje saa bila simu?

Vaa saa ya mkono ya mishale. Huna? Adhana zitakutosha karibu kila mahali kwenye pwani hii: adhuhuri ule, alasiri uanze kukusanya vitu, magharibi uwe njiani. Jua la huku huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili karibu mwaka mzima, na giza halibishi hodi. Kama njia ya kurudi ni ya msitu au ya maji, usingoje kuona jua likizama.

Nitafanya nini saa zote hizo?

Saa ya kwanza mkono utakwenda mfukoni wenyewe. Uache, utachoka. Baada ya hapo jambo la kwanza ni kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea.

Jaribu hili kwenye matope ya ukingo wa mikoko, maji yakiwa yametoka. Utaona vitundu mamia na hakuna kitu kinachotembea, kwa sababu kivuli chako kimewafukuza kaa wote shimoni. Keti juu ya shina la mchu, usisogee. Baada ya dakika chache wanachungulia wadogo, kisha wanatoka madume, kila mmoja na gando moja kubwa kupita mwili na jingine dogo la kulia chakula. Majike wana magando madogo mawili, basi wanakula mara mbili upesi. Dume hupunga lile gando kubwa, juu na chini, kuwaita majike na kuwaonya madume wenzake. Ukiinua mkono kufukuza nzi, uwanja mzima unakuwa mtupu. Inabidi uanze upya.

Mwambani, angalia jinsi akina mama wanavyolitambua shimo la pweza. Mara nyingi mlangoni pana vijiwe na magamba ya kome na kaa aliowala, vimerundikwa kama uchafu nje ya nyumba ya mtu mvivu. Wao wanapita wakitazama hivyo, fimbo ya chuma mkononi, wakati mimi na wewe tunaona mawe tu. Salimia kwanza, usiwafuate nyuma kimya kimya. Wengi watakuonyesha, na kama wamepata utanunua hapo hapo.

Mengine hayahitaji maelezo: kuogelea, kusuka ukili, kusoma kitabu cha karatasi, bao, soga, kuangalia watu wakitengeneza mtumbwi.

Redio inaruhusiwa? Siku hiyo kuna mechi.

Redio haina skrini, kwa hiyo kisheria inaruhusiwa. Lakini kama ni Simba na Yanga, chagua siku nyingine. Hutapumzika.

Ina faida gani kiafya, au ni mtindo wa mjini tu?

Macho kwanza. Mtu anapotazama skrini hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana macho hukauka na kuwasha. Msuli wa ndani ya jicho nao hukaza muda wote unapotazama kitu cha karibu, na hulegea unapotazama mbali. Bahari ni mbali ya kutosha. Kwa watoto, kucheza nje kwenye mwanga wa mchana hupunguza uwezekano wa kupata tatizo la kutoona mbali.

Kuhusu akili, upo utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, wa watu karibu 20,000. Waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walisema wana afya na hali njema kuliko wasiokwenda kabisa, hata kama muda huo waliugawa vipande vipande. Huo hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowatibu. Huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Hata hivyo dakika 120 ni muda wa kwenda na kurudi Kitunda na kunywa dafu, kwa hiyo sioni hasara ya kujaribu.

Watoto watakubali?

Wadogo ndiyo, tena bila kuuliza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Kwa hiyo kwao siku hii si adhabu.

Wenye shida ni wa miaka kumi na tatu kwenda juu, na mara nyingi shida inaanza kwa baba anayewazuia simu huku yake iko kwenye kikapu, "kwa ajili ya kazi". Aidha wote, aidha hakuna. Waruhusu waje na rafiki mmoja, wape kazi ya maana kama kuwasha moto au kujadiliana bei ya samaki, kisha usiwaulize kila nusu saa kama wanafurahi.

Tule nini?

Cha kununua njiani kwa anayekipika kila siku. Muhogo wa kuchemsha na samaki wa kukaanga, pweza, madafu. Kiangazi tafuta ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kumenywa kwa vidole. Aliyekulia kusini haelezwi, mgeni aanze na michache. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, yapo mabibo. Vaa nguo usiyoijali, kwa sababu maji ya bibo yakidondokea shati jeupe hayatoki. Na mwangalie mtoto asing'ate korosho mbichi: ganda lake lina mafuta yanayobabua midomo na ngozi.

Maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyodhani.

Kivuli cha mkorosho kinafaa kukalia?

Ni kivuli kizuri kuliko vyote huku, kizito na cha chini. Ila shamba lina mwenyewe, omba ruhusa. Na kuanzia Juni hadi Septemba hivi wakulima hupuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, mara nyingi asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia. Ukiona unga wa njano kwenye majani, hamisha mkeka. Unawasha macho na kukohoza.

Hatari zipi nizijue?

Jua, kwanza kabisa. Tuko karibu nyuzi 10 kusini ya ikweta, na mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari, adhuhuri jua hupita utosini kabisa. Kofia, nguo ya mikono mirefu, na saa sita hadi saa tisa uwe kivulini.

Mwambani vaa viatu, kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu inayokatikia mguuni. Kwenye maji ya mchanga tembea kwa kuburuza miguu ili taa akimbie kabla hujamkanyaga. Ukiguswa na konyeza, suuza kwa maji ya bahari, usisugue na mchanga. Kome wenye umbo la pia waache walipo hata wakipendeza, baadhi wana sumu kali. Midomo ya ghuba usiogelee maji yanapotoka. Mkondo hauangalii kama unajua kuogelea.

Porini wakati wa kiangazi kuna upupu. Vinyweleo vyake huruka na upepo, hivyo usipite chini ya mmea wenye maganda ya kahawia yenye manyoya. Jioni kuna mbu, na malaria ipo: mikono mirefu na dawa ya kujipaka.

Ni salama kwa mwanamke kwenda peke yake?

Mchana, sehemu zenye watu kama Mikindani, Shangani au Kitunda, ndiyo, na wengi wetu tunaenda. Msimbati upande wa mbali nenda na mwenzio. Salimia wazee mnapokutana, kaa karibu na familia au akina mama wanaofanya kazi, na bodaboda wa kukurudisha mpatane asubuhi. Kijijini vaa kanga juu ya nguo ya kuogelea unapotoka majini. Utaachwa kwa amani yako.

Nikiona kitu kizuri na sina kamera?

Utamsimulia mtu. Ukipenda, beba daftari na penseli. Kalamu ya wino na maji ya chumvi havipatani.

Mimi ni mkulima, msimu huu nasubiri meseji ya malipo ya korosho. Naweza kweli kuzima?

Subiri iingie. Mtu anayesubiri pesa hapumziki hata ukimweka peponi. Ikishaingia, lipa madeni, kisha nenda.

Naruhusiwa kulala tu?

Ndiyo, na ni matumizi mazuri ya siku. Tandika mkeka juu ya ule mstari wa majani makavu ya bahari ulioachwa na maji yaliyojaa mara ya mwisho. Kama bamvua inakuja, panda hatua kadhaa zaidi. Chagua mkungu au mwembe. Chini ya mnazi wenye nazi usilale, hata kama upepo umetulia.